Marehemu Bado Yupo Kazini

4 Agosti

Shemeji,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako imenishinda. Nikipiga, ama haipatikani, ama inapatikana halafu mtandao unakatakata pale pale ninapofika kwenye swali. Karatasi haikatiki. Utaisoma mpaka mwisho, hata kama ni kwa kujificha chini ya meza ya ofisi.

Jana nimetoka kuzalisha mapacha, miguu imevimba, nikakuta bahasha mlangoni yenye nembo ya chuo chenu. Juu yake jina la kaka yako. Nikadhani ni rambirambi zilizochelewa, nikakaa kwanza, nikafungua kwa adabu zote. Inasema hivi: "Unakumbushwa kuwasilisha orodha ya machapisho yako ya mwaka huu. Katika idara yako umebaki wewe tu."

Shemeji, mimi ni mkunga, makosa ya karatasi nayajua. Nimeshaona mtoto wa kiume ameandikwa wa kike akatembea na cheti hicho mpaka shule. Lakini huyu mtu tumemzika Februari. Padri Mkuu wenu, huyo huyo anayeendesha chuo, ndiye aliyeongoza mazishi na kumwaga udongo wa kwanza. Wewe ulishika jeneza upande wa miguu, ukakataa kupokewa mpaka bega likachubuka. Nani tena pale chuoni hajui? Wewe uko ofisi ya takwimu, mlango wa pili kutoka kwa hao wanaotuma barua. Waambie.

La pili ndilo kubwa. Tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote, chuo husoma majina ya watumishi wake waliofariki. Kaka yako hakukosa misa ile hata mara moja katika miaka ishirini na miwili. Alikuwa akirudi ananisimulia nani kasomwa, mtunza bustani, mpiga chapa, hata yule mpishi waliyekuwa hawasalimiani. Mwaka jana aliniambia, "Cheo hawatanipa hawa, lakini pale watanisoma." Alilisema kama utani, na mimi nikacheka.

Nataka asomwe. Sitaki sanamu, sitaki ukumbi wenye jina lake. Jina lisomwe, watu waitikie. Utalisimamia?

Mwangalie binti yetu huko chuoni. Ananiambia anakula vizuri, ndiyo maana nina wasiwasi.

Shemeji yako,
mjane wa Mzee wa Ramani, kama wanafunzi wenu wa Jiografia walivyokuwa wakimwita


13 Agosti

Mpendwa shemeji,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, juu ya meza, mbele za watu.

Kuhusu ile bahasha, niwie radhi sana kwa niaba ya ofisi. Siku hizi barua hizo zinatumwa na kompyuta yenyewe, haina macho wala haiendi mazishini. Jambo hilo litashughulikiwa.

Usituchukie sana. Huku hali ni mbaya. Unalikumbuka bango la getini, lile mlilopiga picha chini yake binti alipokuja kujiandikisha: chuo cha nne kwa ubora nchini? Orodha ya mwaka huu imetoka, tumekuwa wa kumi na moja. Bango limeshushwa, nimeliona nyuma ya jiko limefunika kuni. Padri Mkuu ameandika 11 kwa wino mwekundu na kuibandika ukutani nyuma ya kiti chake, ili kila anayeingia aione kabla hajamwona yeye. Wazazi wanapiga simu kuuliza kama tunafungwa. Zamani mtu alileta mtoto hapa kwa sababu ni chuo cha mapadri, basi, anajua atafundishwa na atatunzwa. Sasa wanakuja na orodha kwenye simu, wanatuonyesha kwa kidole. Jumatatu mzee mmoja alisimama dirishani kwangu akaniambia, "Kijana, mnasali sana lakini hamsomi."

Wakaguzi wanakuja wiki ya kwanza ya Novemba. Tunahesabu kila kitu: vitabu, viti, vyoo, na zaidi ya vyote wahadhiri wenye shahada ya uzamivu. Nimeota takwimu mpaka mke wangu ananiambia nimeanza kumhesabia watoto, ingawa tunao wawili tu.

Kuhusu misa, ondoa shaka. Nitazungumza na Padri wa kikanisa.

Wako,
mdogo wa mumeo


10 Septemba

Shemeji,

Hongera. Kaka yako amepandishwa cheo.

Barua ninayo mkononi, ina muhuri na saini ya Padri Mkuu. "Kwa kutambua juhudi zako katika utafiti, Baraza limeridhia uwe Profesa Mshiriki kuanzia tarehe 1 Septemba." Miaka kumi na miwili aliomba cheo hicho. Kila mwaka alikuwa akipiga pasi ile suti ya kijivu ya usaili, kila mwaka anairudisha kabatini. Ilibidi afe ndipo aonekane mchapakazi. Nilicheka mle chumba cha kujifungulia mpaka muuguzi mwenzangu akaja kuangalia kuna nini, akakuta kicheko kimeisha na mimi nimeshika pembe ya kitanda.

Binti alinipigia Jumapili. Anasema jina la baba yake bado liko mlangoni. "Wameliacha kwa heshima, mama." Anasema kila akienda darasani anapita pale makusudi. Sikumwambia kitu.

Sasa sikiliza. Ndani ya bahasha hiyo waliambatanisha orodha ya wahadhiri wa Jiografia wenye uzamivu. Majina matatu. La kwanza la kaka yako, na mbele yake: Yupo kazini. Chini ya karatasi kuna saini ya aliyeandaa. Ina mkia mrefu unaorudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nilikwenda kwenye sanduku, nikatoa kitabu cha rambirambi, nikakifungua ukurasa wa kwanza, pale ulipoandika "Kwaheri kaka". Nimeziweka karatasi mbili hizo pamoja mezani na hapa ninapoandika ninazitazama.

Niambie kuna mtu mwingine pale ofisini mwenye mkono kama wako. Niambie hivyo tu, nitaamini.

Mimi


19 Septemba

Shemeji,

Ni mkono wangu.

Machi nilimwondoa. Nataka ulijue hilo. Wiki ya pili baada ya kurudi kutoka mazishini nilifuta jina lake mwenyewe, kwa sababu sikutaka alifute mtu mwingine. Halafu nikafanya hesabu. Idara ikiwa na wahadhiri wenye uzamivu chini ya watatu, Tume ya vyuo vikuu inaifunga, na wanafunzi waliomo shahada zao hazitambuliwi. Jiografia ilibaki na wawili. Chuo chenyewe kingeshuka mpaka nafasi ya kumi na sita.

Niliipeleka karatasi kwa Padri Mkuu. Aliisoma, akavua miwani, akaipangusa muda mrefu. Akasema hatuwezi kupata mtu mwingine kabla ya mwakani. Kisha akasema, "Hebu kaangalie tena hesabu zako." Basi. Hakusema mrudishe. Hakusema danganya. Ningetumwa ningekuwa na wa kumlaumu, lakini sikutumwa, shemeji. Nilirudi mezani, nikaangalia tena hesabu, nikamrudisha kaka yangu kazini.

Cheo kimekuja chenyewe. Makala zake mbili zilitoka majaridani baada ya kufa, zikampa alama alizokuwa akizikosa. Ningezuia, ningeulizwa kwa nini.

Sasa lile ambalo nilipaswa kukuambia tangu mwanzo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Jiografia ni thelathini na wanane. Binti yetu ni mmoja wao. Jina la baba yake likitoka kwenye orodha leo, miaka yake mitatu inakwenda na maji. Mahafali ni katikati ya Desemba. Akishavaa joho namtoa baba yake siku hiyo hiyo, naapa.

Kuhusu misa nilikudanganya. Sijazungumza na Padri yeyote. Majina hubandikwa mlangoni pa kikanisa na wakaguzi wataalikwa misani, watakaa mbele. Hawezi kuwa kwenye orodha mbili. Mwakani tutamsoma kwa sauti ya juu kuliko wote.

Usimwambie binti. Unamjua, ni baba yake mtupu. Uongo haukai mdomoni mwake hata dakika tatu.

Nisamehe,
mdogo wa mumeo


2 Oktoba

Nilikuwa nimekuandalia matusi, mengine ya kwenye chumba cha uzazi ambayo mwanaume hajawahi kuyasikia. Nimeyaacha. Yangekusaidia.

Umeniweka mahali ambapo kila nikigeuka ninamkanyaga mmoja wao. Nikisema asomwe, binti yangu anarudi nyumbani na begi la nguo na miaka mitatu ya bure. Nikinyamaza, mume wangu anabaki mtumishi wenu, anaandikiwa barua, anakumbushwa, anapongezwa, na mapadri aliowatumikia miaka ishirini na miwili hawamwombei kwa sababu wanamhitaji.

Jana nilipiga magoti nikashindwa kusali. Sikujua nimwombee kama marehemu au kama mwajiriwa.

Nimewaza kuwaandikia hao wa Tume. Nilianza hata. Nikafika kwenye neno "binti" nikaichana, kwa sababu hakuna namna ya kuieleza habari hii bila kumtaja, na nikimtaja nimemmaliza.

Msimsome.

Haya, nimeliandika kwa mkono wangu, sasa tuliotia saini tuko wawili. Binti asijue chochote. Nitamwambia mwenyewe baada ya mahafali, nitajua namna. Wewe usiniandikie mpaka hao wakaguzi wako waondoke, na ukiandika usiniite mpendwa.


3 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo! Najua utasema ningepiga simu, lakini hili nilitaka uwe nalo kwenye karatasi, ulisome ukiwa umekaa, na chai pembeni.

Jana ilikuwa Misa ya Marehemu Wote. Nilivaa gauni lile jeusi ulilonishonea Februari. Kikanisa kilijaa hadi nje, maana kuna wageni, wakaguzi wa vyuo, walikaa safu ya pili na beji zao shingoni. Kila mtu wiki hii anatembea kama ana yai kichwani. Hata vyoo vina sabuni, mama.

Nilifika mapema nikaangalia orodha mlangoni. Sikuliona jina la baba. Nikasema labda ni karatasi ya zamani. Misa ikaanza, Padri akaanza kusoma. Mtunza bustani, masista wawili, yule profesa wa teolojia. Kila jina watu wanaitikia, na mimi nasema linalofuata ni lake. Mara Padri akakunja karatasi.

Mama, sijui nguvu zilitoka wapi. Unajua mimi siwezi hata kuuliza swali darasani. Nilisimama nikasema, "Samahani, Padri, mmemsahau baba yangu." Nikataja majina yake yote matatu. Nikasema alifundisha Jiografia hapa miaka ishirini na miwili, akafariki tarehe kumi na moja Februari mwaka huu. Sauti haikukatika. Padri alinitazama tu. Nikadhani atanifukuza. Kisha wa kwanza kuitikia akawa mpishi mmoja mzee kule nyuma, halafu safu yetu nzima ya Jiografia, halafu kikanisa chote. Kwa nguvu, mama! Ungesikia. Kuliko kwa profesa wa teolojia.

Mmoja wa wakaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alifungua jalada lake akaandika kitu. Baada ya misa alinitafuta, akaniuliza kwa upole tarehe aliyofariki, akaniomba nirudie jina. Nadhani anataka kumwombea. Aliniambia, "Pole sana, binti," na alionekana kusikitika kweli.

Baba mdogo alikuwa karibu na mlango, kichwa ameinamisha kwenye mikono. Nilijua analilia kaka yake. Nilimfuata nje lakini alikuwa ameshaondoka.

Uliniambia mara nyingi kwamba baba alisubiri siku hii kuliko cheo. Sijui nani alisahau kuliandika jina lake, na sitaki kumjua, nisije nikamchukia. Niambie tu, mama, nimefanya vizuri?

Mwanao anayekupenda


20 Novemba

Shemeji,

Nafikiri umeshapata barua ya binti, kwa hiyo sirudii.

Wakaguzi walikwenda moja kwa moja kutoka misani hadi ofisini kwangu. Waliomba faili moja tu. Padri Mkuu aliitwa, akasema yeye hukabidhiwa orodha iliyokwisha kuandaliwa na huiamini. Ni kweli. Jumatano nilipewa barua ya kusimamishwa.

Tume imeifunga Jiografia. Chuo kimeondolewa kabisa kwenye orodha ya mwaka huu, hakina hata namba. Wale thelathini na wanane wanaambiwa watafute chuo kitakachowapokea, na watakapopokelewa wataanza mwaka wa pili. Binti anashinda chumbani. Wenzake wawili hawamsemeshi. Ameshaambiwa ni kwa sababu ya jina, hajaambiwa zaidi. Nilikwenda kumweleza nikafika mlangoni nikarudi.

Kuna jambo la mwisho. Chuo kinataka kuionyesha Tume kwamba hakikujua amekufa, kwamba kilidhani hafiki kazini tu. Kwa hiyo Baraza limekaa. Kabla sijarudisha funguo niliamriwa kuichapa barua yenyewe, kwa kuwa faili lilikuwa langu. Nimeichapa, shemeji. Ninakuwekea nakala hapa kwa sababu itakufikia tu, na sitaki ufungue bahasha nyingine peke yako bila kujua.

"Kwa kuwa tangu tarehe 12 Februari hukuonekana kazini wala hukutoa taarifa yoyote, Baraza limekuachisha kazi kwa kosa la utoro. Cheo chako kimefutwa. Jina lako limeondolewa katika kumbukumbu za watumishi wa chuo, na hutahesabiwa miongoni mwao, sasa wala baadaye."

Nilimuuliza katibu wa Baraza kama hiyo "baadaye" ni pamoja na Novemba. Akasema kinachosomwa misani ni majina ya watumishi.

Sina la kuomba.


1 Desemba

Mwanangu,

Uliniuliza swali, na nimekaa nalo wiki tatu na zaidi. Ulidhani nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa nikiogopa karatasi hii.

Hakuna aliyesahau jina la baba yako. Baba yako mdogo alilificha ili idara yenu isifungwe, na mimi nilijua. Nilijua tangu Septemba. Oktoba niliandika kwa mkono wangu kwamba asisomwe. Nilifanya hivyo ili uvae joho. Nikakuacha uende kanisani peke yako na gauni lako jeusi bila kujua unachokwenda kukivunja. Ningekuambia ungeamua mwenyewe, na chochote ambacho ungeamua kingekuwa chako. Sasa umebeba mzigo wa watu wazima wawili, na wenzako wanadhani ni wako.

Waonyeshe barua hii. Mwonyeshe yeyote anayekunyima salamu. Kisha njoo nyumbani, chumba kipo, na usijali habari za chuo kingine kwa sasa.

Kuhusu swali lako, watu wema wangekujibu ndiyo. Nilitaka kukujibu ndiyo. Hakuna kitu nilichokitaka zaidi mwaka huu kuliko kusikia kikanisa kile kikiitikia jina la baba yako, na wewe ndiye uliyenipa, na baada ya yale waliyoyaandika hakuna atakayelisoma tena pale.

Lakini sitakudanganya tena. Barua yako ilipofika nilikaa jikoni, na chai pembeni, kama ulivyoniambia. Nikasoma Padri alivyokunja karatasi. Nikasoma ulivyosimama. Na mimi mama yako, nikiwa peke yangu, misa yenyewe ikiwa imeshapita siku sita, nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta: kaa chini. Kaa chini, mwanangu, kaa chini.

Mama